Mbwa Anayekimbilia Filimbi

4 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Soma ukiwa umekaa. Nakujua, barua zangu unazisoma umesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi, halafu nusu ya maneno unayaacha hapo hapo.

Huku hatujambo. Mama bado yuko kwa dada yako wa kati. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo. Anakusalimu, na anauliza lile shati la bluu ulilomwachia Desemba ulikuwa umelifanyia nini, maana kalifua maji matatu na bado yanatoka kama uji wa saruji. Nikamwambia wewe ni karani wa ghala, saruji ndiyo mali mnayotunza. Akaguna. Unamjua mama akiguna.

Sasa la moyoni. Nina mbwa. Usicheke.

Nilimtoa kwenye mtaro nyuma ya uwanja wa shule, waya umemkaza shingoni hadi kwenye nyama. Wanafunzi walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na jiwe mkononi, wanangojana nani aanze. Nikapuliza filimbi yangu ya mwalimu wa michezo kana kwamba mechi imeisha. Wote wakatawanyika. Mbwa ndiye peke yake aliyekuja kwangu.

Kidonda kimepona na mbwa amekuwa balaa. Bado kijana, hajatimiza mwaka, miguu mirefu kuliko akili. Wanafunzi wamemwita Kiherehere na jina limemkaa. Anaruka meza, anaruka watu, akikosa cha kuruka anajizungusha akitafuta mkia. Amekula kandambili ya mke wa mwenye nyumba. Moja tu, na hiyo ndiyo iliyomuuma yule mama, angekula zote mbili yangeisha.

Mwenye nyumba kanipa hadi mwisho wa Machi: mbwa atoke, au nitoke naye. Halafu akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba dukani kuna dawa ya panya na buchani kuna mapande ya bei rahisi. Alilisema kwa upole kabisa. Tangu siku hiyo sina raha.

Nimehangaika naye mji mzima. Muuza nyama alimtaka, nikaenda kuona kwanza, nikakuta mnyororo kwenye nguzo, mfupi hata mbwa hawezi kujinyoosha. Nikarudi naye. Mwalimu mkuu alimchukua Ijumaa akamrudisha Jumatatu, na vigae vya chungu cha maua kwenye mfuko. Huyu siyo mbwa mbaya. Ni mbwa asiye na kazi, na asiye na kazi unajua tena.

Wewe ulituandikia kwamba ghala lenu liko mahali peupe, nyumba hakuna. Mchukue, mdogo wangu. Hatakusumbua, maana kitu kimoja nimemfundisha nikafanikiwa: anatii filimbi. Naipuliza mara moja tu, hata awe upande wa pili wa uwanja na mfupa mdomoni, anaacha kila kitu anakuja mbio hadi miguuni pangu. Hajakosea hata siku moja.

Nakungoja.
Dada yako


19 Februari

Dada, shikamoo.

Nimesoma nimekaa, tena juu ya ndoo, maana kiti mwenzangu kakikalia. Mimi mzima. Chakula napata, kukonda ni maumbile. Mwambie mama asihangaike na shati. Mifuko inapasuka, vumbi linaruka, basi.

Kuhusu mbwa, dada, haitawezekana. Malori yanapita mchana kutwa. Vumbi litamuua. Msimamizi hapendi wanyama. Halafu chumbani tunalala watatu, mmoja anakoroma namna ambayo mbwa atadhani kuna vita. Na wengine hapa wanaogopa mbwa. Na sijui nitamlisha nini.

Jaribu yule muuguzi mstaafu anayefuga kuku, ana uzio mzuri.

Lakini dada, mbona filimbi? Watu huita mbwa kwa jina, kwa mluzi, kwa makofi. Mfundishe kitu kingine haraka, hata kabla hujapata wa kumchukua. Nakuomba sana hilo, hata kama mengine yote utayapuuza.

Salamu kwa mama na magoti yake.
Kitinda mimba


6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anaendelea, ameanza kutembea hadi kwa jirani kumsema jirani wa pili.

Umenijazia ukurasa na sijaona sababu hata moja. Nimekulea mimi. Baba alipofariki ulikuwa unaota meno, na mgongo uliokubeba ni huu huu. Wewe ukisema kweli unatoa sababu moja. Ukidanganya unatoa sita. Sisemi kwamba unadanganya. Nasema nimezihesabu.

Muuguzi mstaafu nilimpelekea. Kuku Kiherehere hakuwala, kusema haki, ila aliwakimbiza hadi wakagoma kutaga. Akarudishwa.

Juzi nimetoka kazini nikakuta pande la nyama mlangoni pangu, limewekwa juu ya sahani, kama mgeni kaandaliwa. Kiherehere nilikuwa naye shuleni. Paka wa jirani hakuwa shuleni. Jirani amelia hadi sauti imekauka, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kumpa pole. Nilimtazama mikono. Usiku huo nilimlaza Kiherehere chumbani kwangu, mlango nimeukomea.

Kwa hiyo sikuombi tena. Mume wa mwalimu mwenzangu ni dereva wa lori, anapita huko kwenu kila mwezi. Ameondoka na mbwa asubuhi hii. Hukunikubalia, najua, lakini maji yamenifika shingoni na sina ndugu mwingine mwenye nafasi. Nimempa dereva filimbi yangu ya akiba akuletee. Mbwa akishuka, mpulizie. Atakujua wewe ni wa nyumbani.

Kama humtaki, mwache aende zake. Ila usiniandikie kunieleza.

Dada yako


21 Machi

Dada, shikamoo.

Amefika. Dereva anasema alitapika njia nzima, halafu akashuka na nguvu kutuzidi sisi tuliolala. Alinilamba hadi masikioni kabla sijamwita jina. Umenifanyia ubabe, dada, lakini nikifikiria yule paka sikulaumu.

Filimbi yako nimeifungia sandukuni kwa kufuli. Sijaipuliza na sitaipuliza. Mchana namfunga kwa kamba ndani ya banda la bati, na analia hadi watu wananiuliza namfanya nini. Namfunga kwa sababu nimeshampenda, ingawa utasema ni mapenzi gani hayo. Kuna mama mzee hapa tunamwita Bibi Kokoto. Masikio yake hayasikii kitu, kwa hiyo kelele za mbwa hazimsumbui. Yeye ndiye anayekaa naye na kumpa mifupa.

Naomba unijibu upesi, wewe ni mwalimu: mbwa anasahaulishwaje filimbi? Usiniulize kwa nini. Nijibu tu, na barua uipeleke posta siku hiyo hiyo.

Kitinda mimba


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Salamu zimeisha.

Jibu lako hili hapa. Tabia haifutwi, inageuzwa njia. Chagua mahali unapotaka mbwa akimbilie. Mtu akae pale na mfupa, awe yule yule kila siku. Wewe simama mbali, upulize. Akija kwako, mgeuzie mgongo: asiguswe, asisemeshwe, asiangaliwe. Akienda kwa mwenye mfupa, ale na asifiwe. Rudieni hadi mchoke, halafu rudieni tena. Hivyo ndivyo ninavyowapanga mstari watoto wa darasa la kwanza, na mbwa hawezi kuwashinda wale kwa ukaidi.

Nimejibu kama ulivyotaka. Sasa nauliza kama usivyotaka. Ghalani nani anapuliza filimbi? Mifuko ya saruji siku hizi inacheza mpira? Huyo mama ameitwa Bibi Kokoto kwa sababu gani, na masikio yake yameuawa na nini?

Wewe hukumbuki, mimi nakumbuka. Walikuja wanaume wawili na viatu vya baba. Viatu tu. Wakasema waliwapigia watu kelele za kuonya, lakini mashine ilikuwa inanguruma, baba hakusikia. Mama alikuchukua mgongoni kwangu, akakushika mbele ya wale wanaume, akaapa kwamba mtoto huyu hatakanyaga machimbo ya mawe maadamu yeye yu hai. Ulimtafuna kidole wakati anaapa.

Niambie hujakanyaga. Neno moja linatosha.

Dada yako


2 Mei

Mdogo wangu,

Aprili yote imekwisha bila barua yako.

Dereva amerudi. Nilikwenda kwake, mkewe akaniwekea kiti, na yeye akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Nikamuuliza, ndugu yangu mzima? Akasema, "Muulize mwenyewe, mwalimu." Mbwa je? "Muulize mwenyewe." Mtu mzima, anaongea na sakafu.

Kama mbwa amekufa, niandikie amekufa, nitalia yaishe. Kama ni wewe, mwombe yeyote mwenye kalamu. Mama ameacha kuniuliza habari zako, na hilo ndilo linalonitisha.

Dada yako


12 Mei

Dada, shikamoo.

Mwandiko huu siyo wa mlevi, ni wa mkono wa kushoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika mkono, kwa hiyo tuseme nilisikia nusu.

Ndiyo, dada. Nipo machimboni. Barua yako ilinishinda kujibu mkono ukiwa mzima, usidhani ni jiwe tu lililoninyamazisha. Ghala halipo wala halijawahi kuwapo. Nilipofika huku kulikuwa na kazi ya kubeba mawe na kazi ya kuonya watu. Niliomba ya kuonya. Mwamba ukishatobolewa na baruti ikashindiliwa, mimi ndiye ninayepuliza filimbi. Watu wanakimbilia banda la bati, nahesabu vichwa, ndipo fundi anawasha utambi. Nilisema kama baba alikufa kwa kutosikia, basi hapa pawe na mtu anayesikika. Labda nilijidanganya. Lakini tangu niishike filimbi hiyo hatujazika mtu.

Sasa fikiria uniletee mbwa anayekimbilia filimbi! Nipulize watu wote wakimbie, yeye aje mwambani. Ndiyo sababu moja niliyokuficha chini ya zile sita.

Tulifanya ulivyoelekeza. Bibi Kokoto, ambaye kazi yake ni kugonga kokoto kwa nyundo tangu sijazaliwa, alikaa bandani na mfupa. Mimi nikapuliza mbali. Siku za kwanza alikuja kwangu kila mara, nikamgeuzia mgongo, na alikuwa anazunguka kunitafuta uso. Iliniuma, dada, nisikufiche. Halafu asubuhi moja alisimama katikati, akaniangalia, akamwangalia bibi, akaenda kwa bibi. Nilishangilia peke yangu kama mwendawazimu. Nikamfungua kamba.

Siku ya tukio mvua ilikuwa inanyunya. Nikapuliza, watu wakaingia bandani. Nikahesabu. Nikaliona koti la kijani la Bibi Kokoto, nikaridhika. Kumbe ndani ya koti alikuwa mama mwingine, aliliazima ajikinge mvua. Fundi akawasha.

Hapo ndipo Kiherehere alipochomoka bandani, akanipita, akaelekea mwambani. Nikajua somo limemtoka. Nilimwita, nikamtukana, nikamfuata. Usije ukaniita shujaa, dada, mimi nilimfuata mbwa. Nikamkuta nyuma ya rundo la mawe amemng'ang'ania Bibi Kokoto upindo wa gauni, anamvuta, na bibi anamkung'uta kofi akidhani ni mchezo. Alikuwa anatafuta nyundo yake iliyoteleza huko chini. Filimbi hakuisikia, angeisikiaje? Siku zote huwatazama wenzake wakikimbia, na huko chini hakuwaona.

Kumbe mimi na wewe tulidhani tunamfundisha banda. Tulimfundisha Bibi Kokoto.

Nilimbeba begani. Tulijitupa chini ya lori bovu, mwamba ukapasuka. Mkono wangu ndio uliobaki nje. Kiherehere hana hata mkwaruzo, alikuwa ananilamba uso huku mawe yanadondoka.

Dereva alikuwapo. Nilimwapisha asiseme. Nawe tafadhali usimwambie mama.

Kitinda mimba


24 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo yako sijaiitikia. Nitaiitikia ukiwa mbele yangu.

Mama nimemwambia. Hakulia. Aliomba lile shati la bluu, akaenda kulikung'uta uani, akalikunja, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu wangu kairefusha." Amejua tangu maji ya kwanza ya kulifua, maana nguo za baba zilikuwa zikitoa maji yale yale. Alikuwa anangoja wewe umwambie.

Nina hasira ambayo leo imemwangukia kila mtoto aliyechelewa kufunga viatu. Na najivunia wewe, hilo nalo ni kweli, na sijui niviweke wapi vyote viwili. Lakini nijibu hili. Wewe unawapulizia wote waingie bandani. Wewe nani anakupulizia? Mwenye filimbi ndiye wa mwisho kukimbia. Baba naye alikuwa wa mwisho, mdogo wangu. Na safari hii ulimfuata mbwa niliyekutumia mimi. Jiwe lile lingesogea kidogo tu, ningekuwa nimekuua kwa mkono wangu, kwa huruma yangu. Nalala na hilo, naamka nalo.

Shule inatafuta mtu wa kutunza uwanja na stoo ya vifaa. Stoo ya kweli, ina mlango. Nimekuombea, wamekubali kungoja mkono upone. Na nimepata chumba kingine, mwenye nyumba ni bibi mmoja mwenye mbuzi wawili na roho safi. Mlete na Kiherehere.

Nimekupulizia, mara moja tu. Njoo.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Shikamoo nyingine, uweke akiba pamoja na ile.

Plasta imetolewa. Mkono umepinda kidogo, lakini kushika fagio la stoo utaweza. Naja Jumamosi kwa basi. Filimbi ya hapa nimemwachia yule mama aliyeazima koti. Bado hajajisamehe, kwa hiyo haangalii nguo tena, anagusa bega la kila mtu.

Mpango ulikuwa Kiherehere atangulie leo na dereva. Nilimweleza Bibi Kokoto kwa ishara kwamba dada yangu amepata nyumba, mbwa anarudi kwao. Aliitikia kwa kichwa. Akamsafisha masikio, akaniletea kamba yeye mwenyewe, akarudi kukaa kwenye rundo lake na kuendelea kugonga. Alikuwa anagonga jiwe lililokwisha kuwa unga.

Sikuweza kumvuta kwa kamba. Nilisema nimwache achague. Nikafungua sanduku, nikatoa filimbi yako, ile ambayo sijaipuliza tangu uniletee. Nikapanda kwenye ngazi ya lori, mlango wazi, na mfupa nimeushika juu aone. Dereva akaniambia, "Akija, ni wenu." Nikapuliza mara moja tu, kama ulivyosema.

Aliinua kichwa. Alikuja, dada, nakuapia, alikuja hadi katikati ya njia na mkia unapiga. Akaniangalia sana. Nikamwita hadi jina, nikasahau kwamba nimesema nitamwacha achague.

Halafu akageuka. Akakimbia hadi kwa Bibi Kokoto, akamshika upindo wa gauni, akaanza kumvuta kuelekea bandani. Na bibi, ambaye hakusikia filimbi wala jina wala lori, akaweka nyundo chini akamfuata.

Dereva anakuletea barua hii mahali pa mbwa. Usimtafutie tena nyumba. Mimi ndiye ninayekuja, niwekee godoro.

Kitinda mimba